Kisu au dawa? Uvimbe unaomwaga homoni, na mwili kabla na baada ya upasuaji

Mtu wa Sengerema au Ukerewe anayefika Bugando, hospitali ya rufaa ya Mwanza, na kuambiwa ana uvimbe kwenye adrenali, yaani tezi ya juu ya figo, huwa na swali moja, na ndugu waliomsindikiza wanalo hilo hilo: ni lazima apasuliwe, au dawa zinatosha? Majibu hayakosekani. Mgonjwa wa kitanda cha pili ana lake, shemeji aliyewahi kupasuliwa ngiri ana lake. Shida ni kwamba karibu kila jibu la barazani linahusu uvimbe mwingine kabisa. Uvimbe unaomwaga homoni haupimwi kwa ukubwa. Wa sentimita moja tu kwenye kongosho unaweza kumwangusha mtu kila alfajiri, na mwingine wa sentimita nne kwenye adrenali ukawa hautoi homoni yoyote.

Homoni ndizo zinazoamua chakula kiende wapi: kiunguzwe sasa hivi, kihifadhiwe kiwe mafuta, au misuli ivunjwe itengenezwe sukari. Kazi hiyo yote huitwa umetaboli. Tezi yenye uvimbe huwa haisikii tena amri ya kuacha, kwa hiyo mwili unaendeshwa upande mmoja kwa miezi au miaka. Siku uvimbe unapotolewa, homoni inakatika ghafla, na mara nyingi mwili unaangukia upande wa pili. Ndiyo maana wiki za kwanza baada ya upasuaji zinastahili kufikiriwa kabla ya kuweka sahihi ya kukubali.

Ningekuwa ndugu wa mgonjwa, ningeanza na swali hili kwa daktari: kwa uvimbe huu, dawa inafanya kazi gani? Kuna uvimbe ambao dawa ni maandalizi ya kisu, basi. Kuna ambao dawa inamshikilia mgonjwa mpaka siku yake ifike. Na kuna ambao mtu anaweza kuishi na dawa miaka yote na akawa hajakosea. Ukishajua uko kundi gani, nusu ya uamuzi umekwisha.

Tezi moja, miili miwili tofauti

Tuanze na wagonjwa wawili ambao uvimbe wao unatoka kwenye tezi hiyo hiyo ya adrenali. Tezi hii ina kiini na ganda. Uvimbe wa kiini, feokromositoma, unamwaga adrenalini na noradrenalini. Uvimbe wa ganda unaweza kumwaga kortisoli, na hapo mgonjwa anapata hali ya Cushing, inayobeba jina la Harvey Cushing, daktari wa Marekani aliyeandika habari za mgonjwa wake wa kwanza wa aina hiyo mwaka 1912.

Kwenye faili la zahanati wawili hawa wanafanana: presha juu, sukari juu. Wote wanaweza kupewa dawa za presha na metformini ya sukari, wakaambiwa wapunguze chumvi, wakarudi nyumbani. Ukiwatazama kwa macho ndipo unaona tofauti.

Mwenye feokromositoma anakula sahani nzima ya ugali na bado anakonda. Moyo unamwenda mbio bila sababu, jasho linamlowesha, kichwa kinagonga, halafu baada ya dakika kadhaa hali inatulia kana kwamba hakuna kilichotokea. Ndani, ini linamwaga sukari kwenye damu, mafuta yanayeyushwa, na kongosho linazuiwa kutoa insulini. Amekaa kwenye kiti lakini mwili wake unaunguza chakula kama wa mtu anayekimbia. Kwa jirani anayetazama, jasho na kukonda maana yake ni TB, au wasiwasi, au kuna mtu amemfanyia kitu.

Mwenye Cushing anakwenda njia nyingine. Uso unakuwa wa mviringo, tumbo linakua, nyama inajikusanya nyuma ya shingo, huku mapaja na mikono inakonda. Watu wanamsifu kwamba maisha yamemkubali. Yeye mwenyewe anajua kuna tatizo, maana ngazi za mawe za Mabatini au Igogo alizokuwa akizipanda na ndoo kichwani sasa zinamshinda. Kortisoli inavunja misuli ya mapaja ili ini litengeneze sukari, inaizuia insulini isifanye kazi yake, inapeleka mafuta tumboni na kuilegeza mifupa. Ngozi inakuwa nyembamba, michirizi ya zambarau inatokea tumboni, na ukimshika mkono kwa nguvu kidogo anapata alama.

Dawa kabla ya kisu

Kwa feokromositoma sioni uchaguzi wa kweli. Dawa hapa ni maandalizi. Kwa kawaida mgonjwa anapewa dawa ya kulegeza mishipa, kama doksazosini, prazosini au fenoksibenzamini, kwa siku 7 hadi 14 kabla ya upasuaji, na kipimo kinapandishwa polepole mpaka presha itulie. Kisha linakuja agizo linalowashangaza ndugu wote: anywe maji kwa wingi na aongeze chumvi. Miaka yote wameambiwa mwenye presha asiguse chumvi, leo daktari anasema aongeze! Sababu ipo. Mishipa iliyobanwa kwa muda mrefu imebaki na damu kidogo ndani yake. Ikilegea bila kujazwa, presha itaporomoka mgonjwa akiwa mezani. Lakini chumvi hiyo inaanza baada ya dawa ya kulegeza mishipa, tena kwa agizo la daktari. Isianzwe nyumbani kwa kusikia.

Jambo la kushikilia hapa ni mpangilio. Propranololi na atenololi hupewa watu wengi wanaolalamika moyo kwenda mbio. Kwa mwenye feokromositoma, dawa hizo zikitangulia kabla mishipa haijalegezwa, presha inaweza kuruka juu vibaya sana. Hata metoklopramidi, sindano ya kawaida ya kichefuchefu, inaweza kuchokoza uvimbe huu. Kwa hiyo kila dirisha la dawa unakopita, taja jina la uvimbe kwanza.

Kukaa na feokromositoma ukimeza dawa tu ni kukaa na kitu kinachoweza kulipuka wakati wa kujifungua, wa kung'olewa jino, wa ajali ya bodaboda au wa nusu kaputi yoyote ya ghafla. Ukishaandaliwa vizuri, na daktari wa usingizi anajua anachokabiliana nacho, ningekwenda.

Kwa Cushing dawa inashikilia tu. Zipo za kupunguza utengenezaji wa kortisoli, ketokonazoli ikiwa mojawapo, lakini ini linahitaji kupimwa kila mara, na uvimbe unabaki palepale. Kabla ya tiba za kisasa, karibu nusu ya wagonjwa wa Cushing walikufa ndani ya miaka mitano, kwa maambukizi, moyo na kuganda kwa damu. Hapa pia kisu kinashinda, ila kwa haraka ndogo zaidi: kuna nafasi ya kushusha sukari kwanza, kurekebisha potasiamu na kutibu maambukizi.

Ila ngoja. Kabla hata ya kuzungumzia kisu cha Cushing, mgonjwa aulizwe anapaka nini na anameza nini. Sura ya Cushing tunayoiona mitaani mara nyingi zaidi haina uvimbe wowote. Inatokana na prednisoloni au deksamethasoni, dawa za jamii ya kortisoli, iliyomezwa miezi mingi kwa pumu, kwa viungo au kwa hamu ya kunenepa, au mkorogo wenye kiambato kikali kama klobetasoli unaopakwa mwili mzima. Dawa nyingine za unga zinazouzwa kuwa za asili nazo huwa zimechanganywa na dawa hizo hizo. Mtu huyu hahitaji kupasuliwa. Tena asiache ghafla, maana tezi zake zimelala na anaweza kuanguka. Anapunguziwa kidogo kidogo chini ya uangalizi. Dada anayeogopa kutaja mkorogo mbele ya mume wake aombe kuongea na daktari peke yake.

Saa za kwanza, miezi ya kwanza

Hapa ndipo wawili hawa wanapotengana kabisa, na nadhani ndipo familia zinapostahili kuelezwa kwa kirefu.

Kwa feokromositoma hatari iko kwenye saa 24 hadi 48 za mwanzo. Adrenalini imekatika, kwa hiyo presha inashuka. Kongosho lililokuwa limezuiwa linafunguliwa na insulini inatoka kwa wingi, wakati akiba ya sukari kwenye ini imeshaisha. Sukari inaweza kushuka mgonjwa akiwa bado na usingizi wa dawa, na kama alikuwa kwenye propranololi hata dalili za kutetemeka hazionekani. Ndiyo maana muuguzi atamchoma kidole mara kwa mara usiku kucha na dripu ya sukari kuwekwa inapohitajika. Akipita siku hizo salama, mambo yanakwenda haraka: jasho linakoma, usingizi unarudi, na kilo zinaongezeka bila kubadili chakula. Kisukari kinaondoka au kupungua kwa wagonjwa wengi. Presha hutulia, ila si kwa kila mtu, hasa aliyeishi nayo miaka mingi.

Kinachobaki ni ufuatiliaji mrefu. Vipimo vya metanefrini (mabaki ya adrenalini), kwa mkojo wa saa 24 au damu, hurudiwa wiki 2 hadi 6 baada ya upasuaji, kisha kila mwaka kwa angalau miaka kumi, maana uvimbe unaweza kurudi. Na kwa kuwa takriban theluthi moja au zaidi ya wagonjwa wamerithi tatizo hili, watoto na ndugu wa tumbo moja nao wanastahili kuchunguzwa.

Kwa Cushing mambo yamegeuka: siku mbili za kwanza mara nyingi hupita kwa utulivu, kazi iko kwenye mwaka unaofuata. Adrenali ya upande wa pili imelala, kama kibarua aliyekaa mwaka mzima bila kuitwa kazini, na haiamki kwa siku moja. Mgonjwa anahitaji kortisoli ya vidonge: haidrokotisoni miligramu 15 hadi 25 kwa siku, kiasi kikubwa asubuhi, isipopatikana, prednisoloni ya kipimo kidogo hutumika. Huchukua miezi sita, mwaka, wakati mwingine miwili, mpaka tezi iweze kujitegemea.

Na katika miezi hiyo mgonjwa anaweza kujisikia vibaya kuliko alivyokuwa kabla ya kupasuliwa. Viungo vinauma, ngozi inabanduka, hamu ya kula inapotea, moyo unazama. Wapo wanaoapa kwamba kisu kimewaharibu. Kumbe mwili uliozoea kortisoli nyingi unalalamikia kiasi cha kawaida. Uso unapungua kwanza, tumbo baadaye. Dawa za sukari na presha zipunguzwe mapema, la sivyo zile zile zilizokuwa hazitoshi zitaanza kumwangusha. Misuli inarudi kwa miezi, tena kwa mazoezi na protini ya kutosha, sato na maharage vikiwemo. Mifupa inachukua miaka. Na katika wiki za mwanzo damu bado inaganda kirahisi, kwa hiyo mguu mmoja ukivimba na kuuma asisubiri kliniki ya mwezi ujao.

Sasa weka hayo pwani ya Ziwa, ambako malaria haijaisha. Mtu mzima mwenye tezi zinazofanya kazi akipata homa, mwili unaongeza kortisoli wenyewe. Huyu hawezi. Akipata homa anatakiwa kuongeza vidonge mara mbili au tatu kama alivyoelekezwa, na akitapika kiasi cha kushindwa kuvishusha anahitaji sindano ya haidrokotisoni miligramu 100 haraka, kisha hospitali. Kwa anayeishi Nyegezi au Kirumba hilo linawezekana. Kwa anayeishi kambi ya wavuvi kisiwani, ambako usafiri wa usiku unategemea upepo na mafuta ya injini, sindano hiyo na mtu aliyefundishwa kuichoma lazima viwepo kambini. Vinginevyo, ningemshauri apange chumba mjini kwa miezi ya mwanzo, au asogeze tarehe ya upasuaji mpaka mpango huo ukamilike.

Conn: hapa kweli unachagua

Uvimbe mwingine wa ganda la adrenali unamwaga aldosteroni. Jerome Conn wa Marekani aliuelezea mwaka 1955. Mwili unashika chumvi na kumwaga potasiamu kwenye mkojo. Presha inapanda na haisikii dawa tatu, misuli inalegea, na kongosho lililopungukiwa potasiamu linatoa insulini kwa uvivu, hivyo sukari nayo inapanda kidogo.

Dawa ya spironolaktoni inaziba mahali aldosteroni inapofanyia kazi, na inaweza kutumika kwa maisha yote. Kama adrenali zote mbili ndizo zinazomwaga, dawa ndiyo njia yenyewe. Kama ni upande mmoja, uchaguzi ni wako na daktari wako. Kujua upande mara nyingi kunahitaji kuchota damu kwenye mishipa ya adrenali zenyewe, kazi ya kitaalamu isiyofanyika kila hospitali, na usikubali kupasuliwa kwa sababu tu picha ya CT-Scan imeonyesha kitu upande wa kushoto. Kwa watu wenye miaka zaidi ya 35, picha peke yake inadanganya.

Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba baada ya upasuaji asilimia 37 waliacha dawa za presha kabisa na asilimia 47 walipata nafuu ya sehemu lakini wakaendelea na dawa. Walionufaika zaidi ni vijana, wanawake, na wenye presha ya miaka michache. Kwa hiyo mama wa miaka 34 anayeuza vitenge Makoroboi, mwenye presha ya miaka mitatu, ningemsukuma kwenye kisu: hufanywa kwa matundu madogo, anakaa wodini siku chache, na huenda akaachana na gharama ya dawa za kila mwezi. Mzee wa miaka 65 mwenye presha ya miaka ishirini na figo zilizochoka ningemwacha na spironolaktoni yake, apime potasiamu na figo kila miezi michache. Mwanaume aambiwe mapema kwamba dawa hii inaweza kumvimbisha matiti. Wengi huiacha kimyakimya kwa aibu.

Baada ya upasuaji chakula kinageuka. Kabla, mgonjwa alihimizwa kula ndizi, matobolwa (viazi vitamu vikavu) na maharage kwa ajili ya potasiamu, pamoja na vidonge vyake. Baada ya uvimbe kutoka, tezi iliyobaki inachelewa kuamka na potasiamu inaweza kupanda kupita kiasi, jambo la hatari kwa moyo. Vidonge vya potasiamu na spironolaktoni kwa kawaida vinasimamishwa mara moja, na damu hupimwa kila wiki kwa mwezi mmoja. Ndugu waliozoea kuleta ndizi mbivu wodini waulize kwanza. Pia kipimo cha figo kinaweza kuonekana kibaya kuliko zamani. Mara nyingi madhara yalikuwepo, aldosteroni ilikuwa imeyaficha.

Insulinoma

Huu uko kwenye kongosho, ni adimu, na mara tisa katika kumi hauna saratani. Unamwaga insulini hata mtu akiwa na njaa. Alfajiri anachanganyikiwa, anagombana na watu, anatoka jasho, wengine wanadondoka kwa degedege na kuwekwa kwenye dawa za kifafa. Akinywa chai ya sukari anarudi sawa. Kwa wengine dalili zinajitokeza wazi Ramadhani au Kwaresima, mtu akishindwa funga kwa namna isiyoeleweka. Anajifunza kula usiku, na ananenepa.

Kipimo chake ni kufunga chini ya uangalizi wodini hadi saa 72, sukari ikishuka chini ya 3.0 mmol/L damu inachukuliwa kupima insulini. Nyumbani asijaribu.

Diazoksaidi inasaidia wengi kungoja, ingawa inavimbisha miguu. Mvuvi wa dagaa anayekesha ziwani kwenye mwanga wa taa asirudi mtumbwini kwa kutegemea dawa hiyo na biskuti mfukoni. Kisu kinaponya wengi kabisa, na hatari yake kubwa ni kongosho kuvuja baada ya upasuaji.

Halafu linakuja geuzo: siku za kwanza, hata wiki mbili tatu, sukari inapanda. Seli nyingine za kongosho zilikuwa zimenyamazishwa na bado hazijaamka. "Daktari, mbona mmemtoa ugonjwa mmoja mmempa mwingine?" mama mmoja angeuliza, na ana haki. Kwa kawaida hali hii inapita yenyewe, na ikibidi insulini kidogo ya muda hutolewa. Uzito nao unashuka, kwa kuwa halazimiki tena kula saa nane usiku.

Nyingine kwa ufupi

Uvimbe wa paratiroidi shingoni unanyonya kalsiamu kutoka kwenye mifupa. Ukitolewa, mifupa yenye njaa inaivuta kalsiamu yote irudi, na mgonjwa anasikia ganzi mdomoni na vidoleni, misuli inakaza. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao na maziwa vinafaa sana hapa, pamoja na vidonge vya kalsiamu na vitamini D, si badala yake.

Uvimbe wa pituitari, tezi iliyo chini ya ubongo, unaomwaga homoni ya ukuaji hutolewa kupitia puani. Sukari na jasho hupungua mapema, viatu vya namba kubwa vinabaki vile vile kwa kuwa mfupa haurudi nyuma. Ule unaomwaga prolaktini, unaowatoa wanawake maziwa bila mtoto na kuwakatisha hedhi, hutibiwa kwanza kwa kabergolini au bromokriptini. Ukiambiwa upasuliwe huo kabla hata ya kujaribiwa dawa, uliza sababu.

Vyovyote utakavyochagua, karatasi ya ruhusa iwe na mambo manne kwa maandishi: jina la uvimbe, dawa zilizosimamishwa, dawa zisizoruhusiwa kuachwa hata siku moja, na kipimo cha damu kinachofuata pamoja na tarehe yake. Likikosekana moja, muombe daktari aliandike kabla hujakusanya mizigo, maana kituo cha afya utakakokimbilia usiku wa manane hakitakuwa na faili lako.